Ticha Asiyejua Kiswahili

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: tunaamini kwamba Kiswahili ni mali ya ukoo wetu, na wengine wote tumewaazima. Mtu wa bara akikosea ngeli mbele yetu tunamsamehe, lakini tunamsamehe kwa sauti, ili kila aliyepo ajue kwamba amesamehewa. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kufundisha Kiingereza Lubumbashi nilihofia kila kitu, kuanzia chakula mpaka polisi wa mpakani, isipokuwa lugha ya mtaani. Nilijua kule wanasema Kiswahili. Nilipanga mchana niwafundishe Kiingereza, jioni niwanyooshee Kiswahili chao, na siku ya kuondoka niuache mji mzima unasema sawasawa.

Kiingereza changu chenyewe kilikuwa cha kawaida tu. Nyumbani walimu wa Kiingereza tumejaa tele. Niliisubiri ajira mpaka wadogo zangu nao wakamaliza chuo, tukawa tunaisubiri pamoja sebuleni. Lakini Kiingereza kikivuka mpaka hupanda cheo. Kilitoka Tanga kikiwa cha kubahatisha, kikapita Zambia kimenyamaza kwa sababu kule watu wanakijua, na kilipovuka Kasumbalesa na kuingia Kongo kikawa cha mtaalamu. Mimi mwenyewe nilishuka kwenye basi nikiwa nimebadilisha mwendo.

Mkurugenzi wa kituo cha lugha alinipokea ofisini kwake katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la simu. Alikuwa mtu mpana, amevaa suti ya rangi ya krimu na viatu vyenye ncha ambavyo alivifuta kwa leso kila alipomaliza sentensi ndefu. Aliniuliza kama najua Kifaransa. Nikasema sijui, nikainamisha kichwa kwa aibu. Akafurahi mno. Kisha akaniuliza kama nasikia Kiswahili. Hapo nikacheka, nikajinyoosha kitini, nikammwagia Kiswahili cha Tanga chenye salamu, taadhima na methali mbili. Mkurugenzi aliinuka akafunga mlango.

"Madame, unisikilize muzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa bantu banaogopa Kingereza. Mutu akiyua asema ticha anasikia Swahili, c'est fini. Atasema paka Swahili mpaka kufa. Donc, kuanzia leo, hauyue Swahili. Hata yambo, hauyue."

Nilisikia kama kuna paka amepita katikati ya maneno yale, lakini sikumjali. Nilidhani ni msemo wa huko. Kilichonishtua ni kwamba bango lilikwisha kutundikwa barabarani, likitangaza kwa Kifaransa kwamba kituo kimempokea ticha wa Kiingereza halisi, asiyejua neno hata moja la Kifaransa wala la Kiswahili. Nusu ya tangazo ilikuwa kweli, na kwa matangazo ya biashara nusu ni nyingi. Akaniambia nitakuwa katika majaribio, na nikiteleza Kiswahili mbele ya wanafunzi, mabasi ya kurudi kwetu yapo kila siku.

Na kurudi sikuweza. Kwetu nilikuwa nimeagwa kwa pilau na maturubai, shangazi zangu wamelia, imamu ameniombea dua. Mtu aliyeagwa kwa maturubai harudi mwezi uleule na begi lilelile. Wahenga wamesema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako, lakini hawakusema ufanyeje ukienda kwa watu wenye macho kama yako na ukaambiwa ufumbe yote mawili. Nikakubali.

Makazi nilipewa mtaa wa Kamalondo, kwa mama mmoja mjane, fundi cherehani, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa kituo chetu, darasa la wanaoanza. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya zamani, uwanja umefagiwa mpaka unang'aa, na cherehani iko barazani ili aone kila apitaye. Babu yake alitoka upande wa Maniema, kwenye Waislamu wengi, na nyumbani kwake adhana ilisikika kama kwetu. Nilipoingia alinikaribisha kwa ishara: huku unalala, huku unaoga, huku unakula. Alifanya hivyo kwa bidii kiasi kwamba nilitamani kumkumbatia na kumwambia, mama, pumzika, mimi ni Mswahili mwenzako. Badala yake nikasema kwa Kiingereza kwamba ni nyumba nzuri. Akanijibu "Gudi moningi," ingawa jua lilikuwa linazama.

Jioni ileile nilijua habari zake zote. Jirani yake muuza mkaa alikuja kuniangalia, wakakaa barazani mimi nikiwa katikati yao, wakazungumza juu ya kichwa changu bila kunong'ona. Ndivyo nilivyosikia kwamba mama yule ana binti mmoja tu, anaishi Afrika Kusini, na binti huyo ana mtoto mmoja tu wa kike, aliyezaliwa hukohuko na anayejua Kiingereza peke yake. Kila Jumapili binti hupiga simu na kumpa mtoto asalimie. Mtoto husikia maneno asiyoyaelewa, hukimbia, na bibi yake hubaki anasema "Alo? Alo?" kwa hewa. Binti alikuwa ameahidi kumleta likizo ya Desemba, ila kwa sharti kwamba mtoto mwenyewe akubali. Na mtoto alikuwa amesema hataki kwenda kwa mtu ambaye hawezi kusema naye. Desemba haikuwa mbali.

"Kingereza ya kazi, hapana," mama alimwambia jirani yake. "Miye nataka paka ya kusemesha mutoto. Akuye, anione, mbele nikufe."

Nilielewa kwamba anataka mtoto aje amwone kabla hajafa, na moyo ukaniuma. Paka sikuelewa anaingiaje. Nikaona labda mtoto anapenda paka, na bibi anatafuta wa kumvutia. Ni wazo la busara, nikasema moyoni, hata sisi Tanga tungelifikiria.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikiwa na njaa. Mama alikuwa anapepea moto, na jirani akamuuliza atampikia nini mgeni. "Leo sina kitu," mama alijibu. "Tutamupa bukari na paka sombe."

Bukari nilikwisha kujua ni ugali wao. Sombe ni kisamvu. Na katikati ya bukari na sombe, bila haya wala soni, alikuwa amekaa yule mnyama. Niliitazama sufuria. Ndani ya kijani kile palikuwa na vipande vyeusi ambavyo leo najua vilikuwa samaki wa kukaushwa, lakini jioni ile niliapa nimeona mkia. Nikashika tumbo, nikatoa sauti ya mgonjwa, nikaenda kulala na biskuti. Kesho yake nikamweleza mama kwa Kiingereza na kwa mikono kwamba dini yangu na daktari wangu, wote wawili, wamenikataza nyama ya aina yoyote.

Mama alinihurumia sana. Nilimsikia akimpasha jirani: "Masikini, haakule nyama. Anakula paka mayani."

Mayani ni majani, hilo nililijua, na hapo nilikasirika kwelikweli. Kumbe kwa hesabu ya nyumba ile paka si nyama, ni mboga! Na wanasema mimi ndiye ninayemla, mimi niliyelala na biskuti! Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri la Kitanga ambalo lingewatoa jasho, na ilinibidi kulimeza na kutabasamu kama mtu aliyesikia ndege wakiimba. Sijawahi kupewa adhabu kubwa kuliko ile ya kuelewa watu na kunyamaza. Sasa najua kwamba sikuwa hata nawaelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jirani naye hakuwa mtu wa kuamini mambo kirahisi. Kila nilipopita alinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Asubuhi moja alimwambia mama, akinielekezea kidole cha mkaa: "Ule ticha wako, asema anatoka ku ba Anglais. Miye naona ni bongo."

Kwetu Bongo ni jina tunaloiita nchi yetu wenyewe, Tanzania. Nikajua nimekamatwa. Nilifunga begi, nikakaa kitandani nikisubiri Mkurugenzi aje na tiketi ya basi. Hakuja mtu. Mchana mama aliniletea maembe, jirani akanisalimia kwa ukarimu wake wa kawaida, yaani hakunisalimia. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kwao bongo ni uongo, na kwamba mwanamke yule alikuwa anasema kweli tupu.

Darasani mambo yalikwenda vizuri kwa sababu hakuna aliyeelewa kitu. Niliingia, nikasema Kiingereza, wakaandika walichodhani nimesema, tukaagana kwa heshima. Mkurugenzi alipita mlangoni akitikisa kichwa kwa furaha. Wengi walikuwa vijana wanaotafuta kazi kwenye kampuni za migodi, na palikuwa na dereva mmoja wa lori aliyezoea kupakia mizigo Ndola, Zambia, ambaye alijua Kiingereza cha matusi na cha magurudumu na alitaka kujua kilichobaki. Mama alikaa dawati la mbele, miwani puani, mkoba mapajani. Vijana walikuwa wanasahau kila nililowafundisha kabla ya kufika ngazini. Yeye alirudia neno moja njia nzima mpaka Kamalondo, akigonga mwendo wake kwa neno hilo.

Jumamosi moja alinijia barazani na simu yake. Alinionyesha picha ya mjukuu: mtoto wa miaka sita hivi, meno mawili ya mbele hayapo, amevaa sare ya shule. Mama akaigusa picha, akajigusa kifua, akainua kidole kimoja. Akasema polepole, kama anavyosema mtu na kiziwi: "Miye niko na paka moya. Paka moya. Kingereza?"

Kwa mujibu wa bango sikupaswa kuelewa. Lakini hebu fikiri, mtu amekaa siku zote hizo akijifanya jiwe, halafu anaulizwa jambo rahisi namna hii! Nilijifanya nabahatisha. Nilikunja uso, nikatazama angani, nikaitazama picha, kisha nikapaza sauti kama niliyefunuliwa. Nikamfundisha: "I have one cat." Nina paka mmoja. Nikajiambia, basi ndiyo huyo wa kumvutia mtoto, na kama ni mmoja, wenzake wamekwenda wapi jibu ninalo, nimeliona kwenye sufuria.

Mama alishinda siku nzima akishona na kusema: "Ai hevu wan kati. Ai hevu wan kati." Alikuwa anatoa machozi kidogo kila alipofika mwisho. Nikashangaa mapenzi gani haya kwa paka, lakini kila nchi na desturi zake.

Jumapili simu iliita. Mama akaiweka sauti kubwa, akasimama wima kama anaapishwa, na mtoto alipopewa simu tu akasema yote kwa pumzi moja. Nilidhani mtoto amekimbia kama kawaida. Kisha ile sauti ndogo ikauliza kwa Kiingereza, kwa shauku: kweli? Ana rangi gani? Anaitwa nani? Analala kitandani kwako? Mama hakuelewa hata neno, akajibu yote kwa "yesi, yesi, yesi," na mtoto akazidi kusema, akacheka, akamwita Granny, akasema atakuja Desemba kumwona. Simu ilipokatika mama alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Ananisemesha!" alimlilia jirani yake. "Namwambia ile yenye iko mu roho yangu, na yee ananijibu!"

Jirani alilia. Mimi pia nililia. Nilijiona mwalimu bora aliyewahi kuvuka Kasumbalesa, na usiku nilimwandikia mama yangu ujumbe mrefu wa kujisifu.

Katikati ya wiki binti akapiga mwenyewe, haraka haraka, na mtandao mbaya. Nilimwona mama akikunja uso. "Pushi? Pushi gani?" alikuwa anauliza. Simu ikakatika. Akamgeukia jirani: "Asema mutoto analala na pushi mu kinywa. Pushi, pushi. Pengine anataka nimununulie." Neno pushi sikuwahi kulisikia katika maisha yangu, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Nikadhani ni aina ya pipi.

Basi ikafika siku ya lile somo. Jenereta la duka la chini lilikuwa linanguruma kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na mimi nafundisha neno la Kiingereza "only" kwa kupiga kelele. Nilichora watu wengi nikawafuta, akabaki mmoja. Nilichora vikombe vingi nikavifuta, kikabaki kimoja. Darasa likanitazama kwa huruma. Dereva wa lori ndiye aliyeshika. Akawageukia wenzake: "Aaa, only! Only njo paka! Niko na paka moya: I have only one."

Mama aligeuka kwenye dawati lake. "Hapana," alimkosoa kwa upole. "Paka moya ni wan kati. Ai hevu wan kati. Ticha mwenyewe njo alinifunda."

"Kati?" dereva alisema. "Mama, cat ni pushi! Ile ya kusema miau! Uko unaambia bantu asema uko na pushi?"

Darasa zima lilivunjika kwa kicheko. Na mimi, mtaalamu, mteule wa bango, nilisimama mbele yao na chaki mkononi nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwa sauti kubwa kuliko jenereta: "Kumbe paka ni *tu*! Ya rabi! Siku zote hizi paka ni *tu*!"

Kicheko kilikatika. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Ticha anasema Swahili!" Mwenzake akamkatalia: "Ile haiko Swahili. Ile ni bora." Ndivyo wanavyoiita lugha yangu kule, Kiswahili bora, na wanaiita hivyo kwa sauti ambayo sisi Tanga tunaitumia kwa watu wa bara. Wakaanza kubishana kama nilichosema ni Kiswahili au la. Mama hakubishana. Alinitazama mara moja tu, akafunga mkoba wake, akatoka.

Mkurugenzi aliingia akiwa ametoa macho. Nilianza kuhesabu nguo zangu kichwani. Lakini mtu aliyezoea biashara hafi kirahisi. Aliwatazama wanafunzi, akanitazama mimi, akafuta kiatu kimoja kwa leso, na uso wake ukang'aa.

"Munaona?" alinguruma. "Munaona méthode yetu? Ule ticha alifika hapa, hata yambo hakuyua! Sasa anasema Swahili! Paka wiki kidogo! Na nyinyi mutasema Kingereza paka vile!"

Walipiga makofi. Walinipigia makofi mimi, mzaliwa wa Tanga, kwa kujifunza Kiswahili. Binti mmoja wa dawati la pili alinipa moyo kabisa, akasema naendelea vizuri ila bado nasema "watoto" badala ya "batoto," na nisiogope, nitazoea. Kabla ya jioni bango lilikuwa limeshushwa likaandikwe upya. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakukutana na Mkurugenzi wangu. Yake ilikuwa inaongezwa lami kila siku.

Sikusimama kuifurahia bahati hiyo. Nilikimbilia Kamalondo.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona bila kutazama, na jirani amesimama pembeni na mikono kiunoni. Niliwapigia magoti nikasema, kwa mara ya kwanza, "Shikamoo, mama."

"Shikamoo njo nini?" aliuliza bila kuinua kichwa. Njo yao ni ndiyo yetu, hiyo nilikwisha kuishika.

Nikamweleza kwamba ni heshima. Akasema heshima ni kusema mbele ya watu kwamba unawasikia.

"Ulikuwa unatusikia?" jirani akadakia. "Yote?"

"Yote," nilisema. "Lakini kila mliposema paka, mimi nilimwona mnyama."

Nikawaeleza yote kwa utaratibu: sombe, mkia nilioapa nimeuona, biskuti, dini niliyoisingizia. Jirani alianza kutikisika mabega. Nilipofika pale pa kula paka na majani, aliishiwa nguvu, akakaa juu ya gunia lake la mkaa na kuniita masikini. Mama hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Ile ya sombe, hakuna mambo," alisema. "Lakini mutoto? Nilitaka kumwambia asema niko na yee moya, paka yee. Sasa anapenda pushi. Anakuya juu ya pushi yenye haiko. Akifika hapa, akikuta paka miye?"

Nilimwonea uchungu, na nilijionea aibu ya kweli. Ile aibu ya kukutwa na uongo si kitu. Unaifuta kwa uongo mwingine, kama Mkurugenzi. Hii ilikuwa ya kumtazama mtu uliyempa furaha yake yote kimakosa, na kumwona anagundua kosa hilo.

Jirani alikuwa na suluhisho. Katika soko la Kenya, ambayo huko ni mtaa wala si nchi, alisema, paka wamejaa mpaka wanakanyagwa. Anunuliwe mmoja leo, apewe jina, na mambo yamekwisha. Kwa kweli mimi niliona ni wazo zuri. Nikajitolea kwenda mwenyewe. Mama aliukata uzi kwa meno, akasema hapana.

"Akuye juu ya miye," alisema, "ao abakie."

Akanitaka nimfundishe ile ya kweli. Sasa nilimfundisha kwa Kiswahili, mchana kweupe, barazani, kila mpita njia akisikiliza. Alijifunza haraka ajabu. Bado najiuliza wanafunzi wangu wangejua kiasi gani laiti ningeruhusiwa kusema nao tangu mwanzo, lakini hilo si swali la kumuuliza Mkurugenzi. Mama alirudia "Ai hevu onli yu" akishona, akipika, akitawadha. Hakulia tena. Alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu kumzidi, kwa sababu ninajua watoto, na ninajua bibi na paka nani hushinda.

Jumapili simu iliita. Mama akaweka sauti kubwa, akanivuta nisimame karibu naye. Mtoto alianza na paka moja kwa moja: amekula nini leo, amekamata panya? Mama hakusubiri amalize. Alisema polepole, neno kwa neno: "Ai hevu onli yu."

Kule nilisikia televisheni, na mtu anaosha vyombo. Kisha mtoto akauliza kitu kwa sauti iliyopungua.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anauliza kama pushi amekufa."

Mama alifumba macho. "Mwambie hakuna pushi. Hata siku moya. Mwambie iko paka miye."

Nilimwambia mtoto yule kwa Kiingereza, na Kiingereza changu chote cha mtaalamu kilinikimbia, nikabaki na maneno ya darasa la wanaoanza. Hakuna paka. Hakuwahi kuwapo. Yuko bibi yako tu. Niliangalia kama simu imekatika. Nilisikia mama yake akimuuliza kitu kwa mbali. Kisha mtoto akaniuliza: kwa hiyo katika ile nyumba hakuna mtu mwingine, hata paka? Nilitaka kusema nipo mimi, lakini mpangaji si mtu wa kujihesabu wakati kama ule. Nikasema, hakuna.

Mtoto akavuta pumzi, kama mtu mzima anayeona kazi imemwangukia yeye. Akasema maneno machache, akamrudishia mama yake simu.

"Amesema nini?" Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, na vidole vya fundi cherehani si laini.

"Amesema basi atakuja yeye," nilimjibu. "Ili usikae peke yako. Atakuja."

Alinichunguza uso. Nilikuwa nimekwisha kumdanganya kwa neno moja, na hakuwa tayari kudanganyika kwa lingine.

"Hapana ile yako," alisema. "Uniambie mu Swahili."

Ukoo wangu wote na Tanga nzima nikawaomba radhi kimoyomoyo.

"Anakuya, mama," nikasema. "Njo anakuya."